Jogoo Aliyetumwa Jikoni

Mgeni alipoteremka kwenye bajaji mbele ya geti, Mzee Isakwisa alikuwa akimtuma jogoo jikoni.

"Mwambie Mama Lea uji ulikuwa mtamu," alimwambia jogoo. "Mwambie na bakuli liko tupu."

Jogoo, mwekundu mwenye mkia mweusi, alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa na wala hakutikisika. Sauti ya mwanamke ndiyo iliyojibu kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Wewe jogoo, mwambie baba asione haya. Sufuria bado nzito."

Mgeni alibaki amesimama na begi lake begani. Aliitwa Marcelino, mwandishi wa safari. Alikuwa akitoka Tunduma kwenda Iringa, na hapa Mbalizi, mji asioujua, alikuwa ameelekezwa nyumba yenye chumba cha uani cha kupangisha. Masikio yake yalikuwa yamezoea lugha nyingi, lakini jogoo mkalimani hakuwahi kukutana naye.

"Mugonile, tata," alisalimia.

"Ndaga. Karibu." Mzee alimtazama vizuri. "Kinyakyusa umekiokota wapi?"

"Njiani, mzee."

"Basi kaa. Usiuogope mguu huu, umepasuliwa tu, haujafa."

Mguu ulikuwa umenyooshwa juu ya stuli, goti limefungwa bendeji, na chini ya goti pamekunjwa taulo nene la bluu. Miaka mingi ya kuteremsha mikungu ya ndizi kwenye miteremko ya Kiwira ilikuwa imelisaga goti hilo, mpaka madaktari wakaliwekea kiungo cha chuma. Mwanawe Anania akamleta apone hapa kwake, kisha likizo ilipokwisha akarudi kwenye lori lake la mizigo. Nyumbani akabaki mzee na mke wa Anania, Sabina, ndiye Mama Lea; Lea mwenyewe alikuwa shule ya bweni.

Hapo ndipo jogoo alipopata kazi. Katika ukoo wa mzee, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Sabina alikuwa Mhehe wa Kilolo. Alifundishwa mwiko huo na mama mkwe wake alipoolewa, na hata baada ya mama huyo kuzikwa aliushika kuliko mabinti wa Kinyakyusa wa mtaani, waliokuwa wakimcheka. "Mama Lea, hiyo ni ya bibi zetu!" Naye alijibu, "Basi mimi ndiye bibi yenu." Alikuwa akiacha chakula kwenye meza ya baraza, anagonga mlango, anatoweka. Neno alimpa jogoo, zawadi ya waumini wa kanisani kwao mzee, aliyeletwa kwa ajili ya supu ya mgonjwa na akaponea kwenye ujumbe.

Mzee hakuwa na la kulalamika. Asubuhi jua lilimkuta barazani na blanketi mapajani, baridi ya Mbalizi ikiyeyuka taratibu. Alikuwa na chai ya tangawizi, magimbi ya moto, parachichi lililomenywa kabisa. Wakati wa mazoezi Sabina aliimba nyuma ya pazia: ubeti mzee akiuvuta mguu kwa kitenge, kiitikio akiulegeza.

"Jogoo, mwulize Mama Lea, beti za Kilolo mbona ndefu hivi?"

"Mjibu baba, kwetu milima ni mirefu pia."

Marcelino, aliyepanga kulala na kuendelea na safari, akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Ndiye sasa aliyempeleka mzee bafuni na kumsogezea kiti kulifuata jua. Jioni mzee alimsimulia kwake Kiwira: nyumba juu ya kilima, migomba, na katikati ya migomba kaburi la mkewe. Njia ya kufika ilikuwa ya miguu, kali kama ngazi.

"Hapa nimetunzwa kama yai," alisema. "Lakini nataka nikasimame pale nimwambie mwenyewe kwamba mkwe aliyemfundisha amenilea. Goti likinyooka, napanda. Lisiponyooka, nitakuwa mgeni wa mwanangu mpaka mwisho."

Siku ya kurudi hospitali walikwenda wote kwa bajaji, mzee na Marcelino nyuma, Sabina mbele kando ya dereva, khanga imemfunika kichwa. Mtaalamu wa mazoezi, mama mnene mwenye vicheko, alilishika goti, akalisukuma, na vicheko vikakauka.

"Hili limejikunja, halinyooki. Taulo mnaliweka wapi?"

"Hapo chini ya goti," mzee alisema. "Linanipa raha kweli."

"Raha ndiyo iliyoliharibu! Nilionyesha chini ya kisigino, ili goti lining'inie lijinyooshe lenyewe. Nani alifundishwa siku ile?"

Sauti ikatoka kwenye korido, nje ya mlango.

"Ni mimi. Dada, ulisema taulo liwekwe 'hapa'. Hiyo 'hapa' sikuiona. Nilikuwa huku nje, nimegeukia ukuta."

"Ukuta? Kwa nini?"

Yule mama alimtazama mzee, akautazama mlango, akaelewa; alikuwa mtu wa Mbeya.

"Sikilizeni," alisema kwa upole. "Likibaki hivi mtakaporudi, itabidi alazwe kwa dawa ya usingizi tulinyooshe kwa nguvu. Sasa linataka mkono wa mtu, kila siku, ukandamize taratibu hapa juu ya goti. Na huyo mtu safari hii aangalie."

Marcelino alijaribu. Mikono yake ilikuwa na adabu kupita kiasi. Mzee akikunja uso, anaachia. Siku zikapita, na kati ya goti na godoro bado palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi.

Asubuhi moja mzee alimsikia Sabina uani akichambua mboga na kuongea kwa sauti ndogo.

"Wewe jogoo, mwambie baba anisamehe. Mwambie nilidhani namheshimu, kumbe namlemaza."

Jogoo akadonoa jani la mboga. Mzee alibaki ameshika kikombe, chai ikapoa. Mwanamke huyu alimheshimu mpaka akajinyima macho, na sasa anaomba msamaha kwa kuku!

"Marcelino!" aliita. "Mkamate huyo mjumbe, umlete."

Mbio zilikuwa ndefu na za aibu, lakini jogoo aliletwa. Mzee akampakata.

"Mama Lea!" Akaita bila kupitisha neno kwa mtu, na huko uani sufuria ikaanguka. "Mwiko huu ni wa kwetu, na kwetu mwenye kuufungua ni mzee mwenyewe, kwa zawadi na mbele ya shahidi. Shahidi ni huyu mgeni. Watu hutoa ng'ombe, lakini ng'ombe wangu yuko Kiwira naye hapandi bajaji. Pokea jogoo. Kazi yake imekwisha. Kuanzia leo uniambie mwenyewe."

Pazia likasogea. Sabina aliingia ameinama, akapiga magoti, akapokea jogoo kwa mikono miwili.

"Inua uso, mwanangu."

Aliuinua. Alitazama, akaendelea kutazama, na machozi yakamchanganyikia na kicheko.

"Kumbe masikio ni ya Anania!"

"Ni yeye mwenye masikio yangu, mama. Usinipindulie ukoo."

Sabina alimpa Marcelino jogoo, akachomoa taulo la bluu chini ya goti na kulisukuma chini ya kisigino. Kisha akaweka juu ya goti mikono iliyolima viazi vya Kilolo tangu utotoni.

"Lo! Mama Lea! Unaniua!"

"Piga kelele, baba, majirani wajue uko hai. Ubeti wa pili."

Alimpigisha kelele kila siku, na kila siku mzee alimshukuru baadaye, akiwa na jasho usoni. Nafasi ya ngumi ikawa ya vidole, kisha ya karatasi. Waliporudi hospitali, mama wa mazoezi alicheka tena.

Anania alikuja na pikapu ya kuazima kumrudisha baba yake Kiwira. Mzee alisalimiana na majirani, akamshika mgeni mkono kwa muda, akajipandisha garini mwenyewe, fimbo kwapani, goti likikunjika na kunyooka kama mlango uliotiwa mafuta.

"Jogoo tumwache?" Anania aliuliza. "Supu yake hukuionja."

"Si wangu. Mwulize mwenye mali."

Gari lilipoondoka, mzee alitazama kwenye kioo cha pembeni. Alimwona Marcelino getini, amekumbatia jogoo aliyetaka kulikimbilia gari, begi lake bado liko uani. Na alimwona Sabina katikati ya barabara, khanga imedondokea mabegani, akipaza sauti mtaa mzima usikie:

"Chini ya kisigino, baba! Kisigino!"

Mzee alitoa kichwa chote dirishani, masikio yake makubwa yakapigwa na upepo, akamwitikia.