Mama mkwe alikataa nimshikie padi za boxing

Wakuu, salamu kutoka Roret, mvua inanyesha na chai haichumiki. Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, hayahitaji.

Mama mkwe wangu ana Parkinson's, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Mkono ulianza kutetemeka, halafu miguu ikawa inagoma katikati ya mlango. Kwao Siongiroi wengine walisema amerogwa, wengine eti ni pombe. Mama ambaye hajawahi kuonja hata busaa!

Tukamleta kwetu. Kliniki ikampa dawa, na dada wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, akamfundisha boxing.

Najua mnacheka. Hii si ya kupigana, hakuna anayepigwa. Mgonjwa anavaa glavu, mwenzake anasimama mbele yake na padi mikononi, ile mito ya kupokea ngumi, anaita "kushoto, kulia, rudi nyuma", naye anapiga zile padi huku akihamisha miguu. Ugonjwa hauponi, lakini mwili unakumbushwa kutembea.

Mke wangu Chebet ndiye alikuwa anashika padi. Wakuu, mama alibadilika! Akaanza kwenda zizini peke yake. Siku moja nikamsikia akimtania Chebet, "Wewe inua mkono, unalala?" Nilifurahi sana.

Halafu Chebet akashika mimba, ikawa ya shida, daktari akamwambia apumzike. Majirani walikuja kusaidia mara moja, wakacheka nyanya akirusha ngumi, hawakurudi.

Nikabaki mimi.

Kwa wasio Wakipsigis: kwetu mama wa mke wako humsalimii kwa mkono. Hukai karibu naye. Sasa nisimame mbele yake anirushie ngumi?

Nilijikaza, nikaomba kupitia Chebet. Mama akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ya kunifikia: "Huyo ni bwana ya mtoto wangu. Nitamrushia ngumi aje? Afadhali nikae."

Nikaita mzee wa ukoo amsemeshe. Mzee akanywa chai yangu, akamuunga mkono mama, akaenda zake.

Basi akakaa. Nilimfungia gunia la majani makavu kwenye mti, akaligusa siku chache tu. Gunia haliiti kushoto wala kulia. Miguu ikarudi kugoma.

Alianguka kwenye tope nje ya zizi. Nilikuwa shambani, nikasikia kelele, nikakimbia nikamuinua. Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini alichokuwa analilia si nyonga. "Niweke chini. Ita Chebet. Watu wasione umenibeba."

Hasimami tena. Chebet ana mtoto mchanga na kidonda cha upasuaji, kwa hivyo kila asubuhi ni mimi namtoa kitandani kumweka kwenye kiti, na jioni namrudisha. Hanitazami. Anageuza uso ukutani mpaka nimalize. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilichojifunza: heshima si utumwa. Ukiwa na mgonjwa kama huyu, ongeeni mambo ya mila mapema, akiwa bado anasimama. Zile padi zingegusa glavu tu. Sasa namshika mwili mzima.

Wenye wazazi wa hali hii, hasa wa huku Kericho na Bomet, kwenu nani alishika padi? Na mama mkwe wako angekubali? Semeni hata kama ni kunitusi, nasoma zote.