Shimo la Viazi Vidogo

Kwetu Bukiriro viazi vitamu havikuwa na haraka ya kuvunwa. Mama aliviacha ardhini, akachimba vya kula siku hiyo tu. Miaka ya wakimbizi desturi hiyo ilikatika. Njia ya kambini ilipita kando ya shamba letu, na mwenye njaa, awe mgeni au mwenyeji, haulizi mwenye tuta. Ikabidi tuvune vyote kwa pamoja, tuvihifadhi shimoni.

Wazazi walikuwa wameshafariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili. Baba mdogo alikwisha kusema wazi: "Chakula kikiisha kabla ya maharage kuiva, nitawagawa kwa ndugu."

Samadi aliyoiacha mama, iliyooza pamoja na majivu mpaka ikawa kama udongo, ilitosha matuta ya juu tu. Ya chini niliyatilia samadi mbichi kutoka zizi la mbuzi. Yakatoa viazi vikubwa mno. Mdogo wangu wa kiume akabeba kimoja mgongoni kama mtoto, akamcheka dada yake aliyekuwa akivuna juu.

"Vyako vidole vya kuku."

"Na vyako vimejaa maji kama kichwa chako."

Kwa ugomvi huo kila mmoja akataka shimo lake. Nikachimba mawili, nikatandika nyasi kavu, nikafukia.

Tulipofungua la vikubwa, harufu ya uozo ilitupokea. Vingi vilikuwa vimelainika, vinachuruzika maji. Tukala upesi vilivyosalimika. Shimo la pili nililipita kila siku, nikiogopa kulifukua.

Baba mdogo alifika maharage yakiwa bado maua. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia huku akichungulia jikoni. Sikuwa na njia nyingine, nikafukua. Viazi vilitoka vikavu, ngozi ngumu, kama vimevunwa jana. Nikamchomea.

"Hivi mmevipata kambini?"

"Kambini wanagawa mahindi, baba mdogo," mdogo wangu wa kike akajibu. "Hivyo ni vidole vya kuku."

Alikula vyote, na vilikuwa vitamu kuliko siku ya kuvuna. Nilipomweleza habari ya samadi iliyooza na ile mbichi, akaenda mwenyewe kulitazama shimo, akalifunika vizuri, akakanyaga udongo pande zote.

"Msimu ujao rundika samadi mapema," akaniambia. "Ioze kabla hamjapanda."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshachukua kikapu, anaelekea zizini.