Nusu Gunia kwa Farasi Mia Tano

Aibu ya Jumamosi niliipika mwenyewe, mimi gogo, nyanya wa watu hapa Keringet, na wacha niseme kabla majirani hawajaongeza chumvi.

Mjukuu wangu Chebet ni fundi wa magari Nakuru. Amejenga gari la mbio kwa mikono yake mwaka mzima, wanaume wa gereji wakimcheka. Jumamosi ilikuwa siku ya kuwanyamazisha. Akaja kunichukua nikamwone akishindana.

"Gogo, hii iko na nguvu ya farasi mia tano," akaniambia akinywa chai.

Nikatoka kuchungulia. Viti vya nyuma alikuwa ameving'oa vyote. Nikajua hapo ni pa mzigo, na kwangu mgeni haondoki mikono mitupu. Punda wangu mmoja hubeba magunia mawili ya viazi. Farasi mia tano watasikia nusu gunia? Nikalipakia, nikalifunika blanketi.

Uwanjani gari likanguruma, likaruka kama limechomwa. "Huyo ni wangu!" nikapiga kelele. Kona ya kwanza tu, likayumba, likasimama. Wenzake wakampita wote. Chebet akafungua mlango, viazi vikamwagika mpaka miguuni mwa watu.

"Fundi, umekuja mbio ama soko?" mwanamume mmoja wa gereji akamuuliza.

Nikainama kama natafuta kitu kwa mkoba. Chebet akainua gunia lililopasuka, anacheka mpaka machozi.

"Gogo, simama wakuone!"

Gunia nililifunga mdomo na kipande cha kitambaa cha maua mekundu. Kipande kile kingine kilikuwa kichwani kwangu.