Aliyekanyaga Breki

Najua utanicheka, na ucheke tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Majengo, Nyeri, nikiwa na akili zangu zote na tumbo limeshiba. Sivuti kitu. Mimi ni fundi wa breki, na kazi ya breki haitaki mtu wa kuotaota.

Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ambayo ukungu unashuka alasiri hata msikiti wa hapo mbele huuoni. Karanja, mume wa dadangu Zena, akaniletea gari. Alikuwa amelinunua Chaka juzi tu, kwa bei ya kutupa, na kesho yake alitaka kumteremsha Zena na mtoto wao hadi Mwea, ambako alikuwa amepata kibanda cha kuuza mchele.

"Safisha tu hizo breki, shemeji," akasema. "Ni kutu kidogo. Zinapiga kelele."

Kutu kidogo! Nilipotoa gurudumu la mbele nilikaa chini. Sikiza, mimi kutu naijua. Gari likinyeshewa, diski inashika rangi ya chungwa, ukiendesha mpaka sokoni inafutika yenyewe. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa nyeusi, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya kaliper, lile pande la chuma linalobana diski, mlikuwa na tope laini lililokauka. Tope linaingiaje humo, jamani?

"Karanja, hii gari ilikuwa wapi?"

"Chaka, si nimekwambia?"

"Chaka wapi? Kwa nchi kavu ama ndani ya maji?"

"Ai, wacha maswali mingi, bwana. Wewe safisha."

Na hakuniangalia machoni. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Nilifikiri ni gari la wizi, limefichwa mahali. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Lakini watakaopanda ni dadangu na mtoto, kwa hivyo nikafanya kazi. Brashi ya waya kwanza, mpaka mkono ukafa ganzi. Vyuma vidogo nikaviloweka kwenye siki. Pistoni zilikuwa zimeganda. Nikazitoa kwa nguvu, nikazisugua na msasa laini polepole, maana ukizikwaruza mafuta yatavuja. Diski nikaziacha ziking'aa. Nikaenda kunawa, niliporudi zimeshika kutu tena. Niamini. Nikajiambia ni huu ukungu, nikasugua upya huku nikitukana.

Ikabaki kutoa hewa kwenye breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti anakanyaga akiambiwa. Mwingine yuko chini na spana, anafungua kijinati ili mafuta yatoke na hewa. Unapaza sauti tu: kanyaga, shikilia, achia. Anayekanyaga humwoni, unamwamini. Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote yametolewa, nami nimejilaza chini. Karanja akaingia kwenye kiti.

Mwanzoni alikuwa ananiudhi. Nikisema shikilia, yeye anaachia. Nikamwambia, "Kwani mguu wako uko na haraka gani?" Nikasikia simu yake ikilia. Halafu ghafla akawa mzuri. Nikisema kanyaga, anakanyaga sawasawa. Nikisema shikilia, anashikilia kama mtu aliyeshika mlango wezi wasiingie.

"Sasa umejua, shemeji," nikamsifu. Nikafunga kijinati cha mwisho. "Haya, achia."

Hakuachia. Nilikuwa nimeshika kaliper, nikasikia bado imebana.

"Karanja, achia!"

Ndipo nikasikia sauti juu yangu. Ya mwanamke, ya chini, kama mtu ameuma meno.

"Siachii. Nikiachia tutaingia."

Nilidhani ni Zena amekuja na ananichezea. Nikatoka chini nimekasirika, spana mkononi. Kwenye kiti hakukuwa na mtu. Wallahi, hakukuwa na mtu, na pedali ya breki ilikuwa imezama mpaka chini. Na ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, Karanja alikuwa amesimama na kikombe, anaongea na simu.

Nikaingiza mkono nikavuta ile pedali. Haikusogea hata kidogo. Niliogopa, sitakuficha. Lakini ile sauti haikuwa ya ubaya. Ilikuwa ya mtu amechoka. Sijui nini kilinituma, nikasema taratibu, "Mama, gari halitembei. Liko juu ya mawe."

Pedali ikapanda. Polepole, polepole, mpaka juu.

Nilivuka barabara nikamshika Karanja kola mbele ya watu. "Sema!" Ndipo akasema. Aliyemuuzia alimwambia ati gari lilikaa bwawani kidogo. Kidogo! Na waliokuwa ndani, hakuuliza. Aliogopa kupandishiwa bei, ama aliogopa jibu, mimi sijui.

Nikakataa kumpa gari. Akaniita mwenye wivu. Asubuhi akaja na fundi mwingine, wakarudisha magurudumu, wakaondoa mawe, Karanja akashika usukani, yule fundi akasukuma. Magurudumu yote manne yakakaza, likaburuzika hatua mbili na kusimama. Karanja akatoka humo rangi imempotea. Alichosikia hajamwambia mtu, hata Zena. Akaenda zake bila kuniaga.

Zena na mtoto wapo, wazima, wanauza mchele. Karanja akija Majengo hupitia njia nyingine, nami hilo linaniuma, kwa sababu tulikuwa tunataniana vizuri. Gari nililirudisha juu ya mawe, nyuma ya karakana yangu. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamekuja mara kadhaa, nimewafukuza. Nilimwambia yule mama halitembei. Likiondoka, nitamwambia nini?

Kwa hivyo wewe, ukipata gari la bei ya kutupa, usitazame rangi. Toa gurudumu utazame kutu, kisha uliza, na ungoje jibu. Na siku ukiwa chini ya gari, useme achia, mguu usiachie, usipige kelele kama mimi. Mwambie kwanza kwamba gari limesimama.