Usione Haya Kuniuliza Jina

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa nesi mgeni katika kituo cha afya huko Kisarawe, binti mwembamba, mwoga wa kila aliyenizidi umri. Tabibu wetu, Mzee Kondo, alikuwa mkali kweli kweli. Akachungulia mlangoni, sindano tayari, akaita, "Mama Hamisi!"

Mama mmoja akainuka. "Abee."

Unazijua pande zetu. Mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini, na kina Hamisi ni tele. Asubuhi ile benchini waliketi Mama Hamisi wawili. Huyu aliyeinuka alikuwa ameniambia alipofika kwamba penisilini iliwahi kumvimbisha uso hadi akakosa pumzi. Na ndani ya sindano ile mlikuwa na penisilini.

Mzee akamsogelea palepale benchini. Kumzuia mzee mbele za watu! Lakini niliuona mkono wake ukishuka, nikaushika.

"Shikamoo mzee," nikasema. Woga ulinichanganya, tulishaamkiana tangu asubuhi. "Mama mwenye sindano siye huyu."

Mzee Kondo akanitazama, kisha akamgeukia yule mama. "Jina lako wewe mwenyewe nani?"

"Mwajuma Salum."

Sindano ilikuwa ya Zuhura, yule Mama Hamisi wa pili. Mzee akaiweka chini, akasema benchi zima likisikia, "Binti huyu ameniokoa mimi na wewe. Kuanzia leo hapa hatumwiti mtu kwa jina la mwanawe." Siku hiyo nilirudi nyumbani najiona mrefu, mimi huyu mfupi.

Sasa juzi, kwenye zahanati yenu hapa Mbwawa, umeshika sindano yangu ukaniuliza, "Mama, jina lako kamili nani?" Majirani wakacheka, eti mtoto hamjui mamake. Jioni ukaja kuniomba radhi. Radhi ya nini? Mwenzako nilikuwa najizuia nisipige vigelegele palepale.

Endelea kuuliza. Usimtajie mgonjwa jina, atakuitikia kwa heshima tu. Mwache alitaje mwenyewe. Mkubwa wako akikosea, mshike mkono, radhi utamwomba baadaye. Na siku utakayoshikwa wewe, shukuru, tena mbele za watu.

Mungu aibariki mikono yako, na wote wanaoingia kwako warudi makwao kwa miguu yao. Nami nikija kwa sindano ya pili, niulize tena. Nitajibu kwa sauti, wasikie wote aliyekuzaa ni nani.