Sidii Iliyotunzwa Isichakae

Juzi, kwenye kibanda cha fundi wa redio mjini Bukoba, nilimkuta mama mmoja kutoka Izigo akifungua foronya iliyodariziwa. Ndani mlikuwa na sidii ya harusi ya dada yake, aliyefariki miaka ile ugonjwa ulipokuwa ukifunga nyumba zetu. Kando yake alisimama binti wa marehemu, aliyeachwa akinyonya.

Fundi aliiinua sidii juani. Mwanga ukapenya kwenye vitundu kama vya chujio la chai.

"Mama, imekwisha. Utando wake umebanduka."

"Waitu, jamani, itaishaje? Tuliiweka kwenye deki mara moja tu! Kila aliyekuja kuiazima nilimnyima, isichakae kabla mtoto hajakua."

"Unyevu haukuja kuazima, mama."

Mama aliifuta kwa upindo wa khanga, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Fundi akaijaribu hata hivyo. Deki ikakwaruza, ikanyamaza.

Nilitaka kumlaumu, nikakumbuka vitabu vipya nilivyovifungia kabatini shuleni ili watoto wasivichane. Mchwa walivisoma vyote.

Binti akamshika mkono. "Mama mdogo, si wewe uliiona? Mama alisema nini?"

"Aliwaambia wageni wasiondoke, chakula bado kipo."

"Alisemaje? Sema kama yeye."

Mama akajikohoza, akaanza, akaacha. Akaanza tena kwa sauti nyembamba zaidi, akaacha.

"Maneno ninayo, mwanangu," alisema akiikunja foronya. "Sauti yake ndiyo niliyoiachia hii sidii."