Kibuyu cha Mzungu wa Usa River

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba yangu aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata huko juu karibu na msitu wa Meru, na shida zangu zikaanza siku hiyohiyo. Nilikuwa darasa la tatu. La nne sikuliona. Mama alinifunga vibuyu sita mgongoni akaniambia teremka Tengeru ukauze, na usirudi navyo. Nilirudi na viwili, nikachapwa. Wiki iliyofuata sikurudi hata na kimoja.

Kwa hiyo mtu akiuliza nani anajua vibuyu kuanzia Usa River mpaka mjini, namwambia unamtazama. Nimeandaa vya maziwa, nimeandaa vya pombe, nimeandaa vya waganga. Ndiyo, waganga. Wengine wanaona aibu kusema. Mimi ni Mlutheri, nakaa benchi la tatu kutoka mbele, na vibuyu vya waganga nimeuza. Ninachouza ni kibuyu. Anachotia mtu humo ni chake na Mungu wake.

Kibuyu kipya ni kichungu, kichungu hasa, cha kukunja uso. Unatoa mbegu kwa kijiti, unajaza maji, unamwaga kila asubuhi siku saba. Unakwangua. Unatia maziwa kidogo yagande humo yaharibike, unayamwaga, hata mbwa humpi. Ndipo unachoma kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, unakiingiza kikiwa kaa jekundu na kusugua ndani kote. Mwisho unalamba mdomo wa kibuyu. Ulimi ukinyamaza, kimekwisha. Ukikataa, unaanza upya. Hayo ndiyo niliyomfundisha wifi yangu, neno kwa neno.

Wifi huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kati ya uwanja wake na wangu kuna ua wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ya kupandwa mpakani, na masale hayazibi sikio. Ndiyo maana siku yule mama wa Kizungu alipokuja kwangu, wifi alisikia kila kitu.

Mzungu alikuwa amepanga nyumba Usa River. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, lakini salamu alizijua.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe ni fundi wa vibuyu."

"Marahaba. Umeambiwa kweli."

"Nataka kimoja cha ibada yetu. Mimi ni mchawi."

Alilisema kama mtu anavyosema mimi ni nesi. Nilitazama barabarani nione kama mzee wa kanisa anapita.

"Unamroga nani?"

"Simrogi mtu. Sisi tunaheshimu mwezi, miti, mvua na kiangazi."

"Basi sema wewe ni mkulima."

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimwambia neno hilo halisemwi uwanjani kwangu mchana kweupe, aende salama. Hakufika mbali. Sauti ikatoka nyuma ya masale, laini kama siagi: "Dada, karibu chai huku!"

Niseme ukweli, wivu ulianza hapohapo, kabla chai haijamiminwa. Mteja nilimfukuza mwenyewe, lakini nilitaka afukuzike, asiokotwe.

Kila wiki gari lake likawa linasimama upande wa pili wa ua. Walikaa mkekani wakiandaa vitu. Wifi alinionyesha kwa majivuno: kisu cha mpini mweusi kilichofuliwa na fundi chuma wa Themi, kule mjini, ambacho hakikati kitu chochote, hata kitunguu; fimbo fupi ya mzeituni iliyosuguliwa mpaka inang'aa; na ufagio mdogo wa kufagia mahali ambapo hapana uchafu. Vyote vinapakwa chumvi, vinapitishwa kwenye moshi, vinalazwa juani siku nzima juu ya kitambaa cheusi.

"Wifi, mimi sasa ndiye mwandaaji wao," aliniambia. "Mikono yangu imepigwa picha. Imeonekana mpaka Ulaya."

"Mikono hiyo ilikuwa haijui kushika kijiti."

"Nani alikuzuia kupiga picha ya yako?"

Chumvi na moshi! Mimi nimefanya hayo miaka hamsini bila kitambaa cheusi, na hakuna aliyeomba kupiga picha hata kidole changu. Nilirudi kwangu, nikachukua kibuyu nilichokuwa nikikiandaa, nikakikwangua kwa hasira. Nilikikwangua wiki ile yote. Kila nikisikia mlango wa gari lile, naongeza nguvu.

Jumatano wifi alikwenda sokoni. Kibuyu cha mzungu kilikuwa kimening'inizwa kwenye nguzo ya banda, kizuri, shingo ndefu, kimefungwa shanga. Nilipita penye upenyo wa ua, nikakilamba mdomo. Ulimi wangu ulikataa mpaka kooni. Wifi hakukitia maji siku saba, pengine hata mbili. Alikipitisha kwenye moshi kwa ajili ya harufu, basi. Nje fundi, ndani hakuna kitu.

Nikanyamaza. Alhamisi nilinyamaza, Ijumaa nikanyamaza. Jumamosi wifi akaniita: "Twende Usa River wifi, ukaone watu wanavyoheshimu kazi." Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kuona.

Walikuwa wanawake watatu, saa nne asubuhi, chini ya mti bustanini. Kisu, fimbo, ufagio na kisahani cha chumvi vimepangwa. Katikati, kibuyu cha wifi, kimejazwa maji ya asali. Mzungu wetu alikiinua kwa mikono miwili, akasema maneno yake, akanywa funda zima.

Akalitema lote juu ya chumvi.

Wifi alinitazama mimi, si mzungu. "Wifi, ulijua?"

"Nililamba Jumatano."

"Na hukusema?"

"Wewe ndiye mwandaaji."

Mzungu alisukutua kinywa, akafuta midomo. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Nilimwambia aniachie mimi, ningemletea kibuyu cha kunywea mtoto mchanga. Akatikisa kichwa.

"Hapana bibi. Chombo kinabeba moyo wa aliyekiandaa. Wewe moyo wako una wivu. Ukitulia, nitakuja kwako."

"Basi utasubiri sana," nikamwambia.

Wifi akapewa siku tano alete kingine. Siku tano! Kibuyu hakijui siku tano.

Asubuhi yake, kabla sijawasha moto, wifi alikuwa mlangoni kwangu. Mkononi ameshika jani la sale, limekunjwa na kufungwa fundo. Kwetu mlimani mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na huwezi kulikataa, hata kama amekuchomea nyumba. Nilitamani awe amekuja mikono mitupu, nimfukuze.

"Ingia," nikasema. "Umeshinda kwa jani."

"Sikushinda, wifi. Nimeaibika."

Nilimpa kile kibuyu nilichokikwangua kwa hasira wiki nzima, kimekwisha na kulambwa. Yeye akaniachia kile kichungu alichorudishiwa. Akahamishia shanga kwenye changu, akakipeleka Usa River kama chake.

Jioni alirudi, akanisimulia huku anaogopa kucheka. Mzungu alikinywea, akafumba macho, akasema kibuyu hiki kina moyo mtulivu kuliko vyombo vyote alivyowahi kushika.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamuuliza wifi kama alinitaja kwao. Hakunitaja. Angenitajaje? Picha zilipigwa tena, mikono ya wifi ikiwa imekishika kibuyu changu. Msamaha nimetoa, jani nimelipokea. Lakini gari likisimama upande ule, shingo yangu bado inageuka. Wifi akisomewa haya atanuna. Anune. Kibuyu kile ni changu.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya matofali ya vyumba vinne. Ekari moja na nusu, kahawa na migomba. Ng'ombe wawili wa maziwa. Tangi la maji. Redio. Vijiti vya oloirien, mafungu matatu. Vibuyu kumi na vinne vilivyokwisha, vimelambwa vyote. Na kimoja kichungu, kipo rafuni, jani la sale lililokauka limechomekwa mdomoni mwake. Hicho sijakitia maji.